Miji ya Njiani: Mafinga na Majirani Zake kati ya Iringa na Mbeya

Kati ya Iringa na Mbeya kuna mwendo wa takribani kilometa 330, na kando ya barabara hiyo imejipanga miji midogo ambayo msafiri wa basi huijua kwa majina kuliko kwa mitaa yake. Chini ya mlima wa Iringa kuna Ipogolo. Baada yake zinafuata Ifunda, Mafinga, Nyololo na Makambako, kisha barabara inateremka kwenye tambarare ya Usangu kupitia Igawa, Chimala na Igurusi hadi Uyole, kwenye mlango wa Jiji la Mbeya. Ng'ambo ya pili ya jiji, kwenye njia ya Tunduma, ipo Mbalizi. Baadhi ya miji hiyo leo imekuwa vitongoji: watu hulala huko na kufanya kazi mjini. Mingine imejitegemea hadi kupata halmashauri yake. Tofauti hiyo haikuletwa na umri wala wingi wa watu. Ililetwa na kilicholifanya gari lisimame mahali fulani, na kama sababu hiyo ilidumu baada ya magari kuongeza kasi. Historia ya Mafinga, ulio karibu kilometa 80 kusini-magharibi mwa Iringa, inalionyesha jambo hilo waziwazi.

Kabla ya lami

Iringa na Mbeya ni miji ya kikoloni yenye asili mbili tofauti. Wajerumani walijenga boma la Iringa mwaka 1896, miaka miwili baada ya kuiteka Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, na wakati vita vya Wahehe vilikuwa havijaisha. Mkwawa alikufa Julai 1898. Boma liliwekwa juu ya uwanda kwa sababu za kivita, na ndiyo maana hadi leo barabara kuu haipandi hadi katikati ya mji, bali inapita bondeni Ipogolo. Mbeya ulianzishwa chini ya Waingereza mwaka 1927, baada ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, kuvuta wachimbaji na wafanyabiashara.

Nyanda zilizo katikati ya miji hiyo hazikuwa na mji wowote wa maana. Zilikuwa na vijiji vya Wahehe na Wabena, malisho, na baridi ambayo Wazungu waliipenda. Katika miaka ya 1920 Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, alipigania walowezi wa nyanda hizi waunganishwe na wale wa Kenya, na Oktoba 1925 aliitisha mkutano wa walowezi huko Tukuyu. Mpango wake wa kisiasa haukufika mbali, lakini mashamba ya walowezi yalianza kuonekana Iringa, Sao Hill na kwenye ukingo wa Mufindi ambako mvua ni nyingi. Wajerumani walioruhusiwa kurejea Tanganyika walikuwa miongoni mwa walioanzisha chai ya Mufindi. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilitwaa mashamba ya Wajerumani, na sehemu kubwa ya chai ikaingia mikononi mwa kampuni ya Brooke Bond. Vita hiyohiyo iliwaleta wakimbizi wa Poland, na Ifunda ikawa moja ya kambi zao. Katika miaka ya 1950 Ifunda ikajulikana kwa shule yake ya ufundi.

Enzi hizo njia ya Iringa hadi Mbeya ilikuwa kipande cha barabara ndefu iliyokusudiwa kuunganisha makoloni ya Uingereza kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Kwa hakika ilikuwa barabara ya udongo, vumbi kiangazi na tope masika. Sao Hill palikuwa mahali pa walowezi kukutana na kupumzika, na mji wenyewe wa Mafinga ulikuwa bado haujazaliwa.

Barabara ya Zambia

Tukio lililogeuza hali hiyo lilitokea mbali na Mafinga. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia ilijitangazia uhuru. Zambia, ambayo shaba na mafuta yake vilipita kusini, ikajikuta imefungiwa njia. Mafuta ya Zambia yalianza kupakiwa Dar es Salaam kwenye mapipa na kupelekwa kwa malori, na mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zikaunda shirika la pamoja la usafirishaji wa barabarani. Malori yake ya Fiat yalipita usiku na mchana kwenye udongo ule ule. Mengi yalipinduka au kuteleza kwenye tope, na madereva waliokuwa wakitumia Kiingereza wakaibatiza njia hiyo jina la jehanamu.

Misafara ya malori ilihitaji huduma. Utingo alitaka chakula, dereva alitaka pa kulala, na gari lilitaka tairi na fundi. Vibanda vya chai, gereji na nyumba za wageni vikaota kwenye vituo ambavyo zamani vilikuwa majina tu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilipunguza mzigo wa mafuta barabarani. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 lami ilikamilika kwa fedha za nje, zikiwemo za Marekani, na njia hiyo ikajulikana rasmi kuwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, TANZAM.

Reli ilikuja kwa mkondo wake. Ujenzi wa TAZARA, uliogharamiwa na mkopo wa China, ulianza mwaka 1970, na reli ya kilometa 1,860 ikazinduliwa Julai 1976. Kutoka Dar es Salaam haikuifuata barabara kupitia Morogoro na Iringa. Ilikata bonde la Kilombero, ikapanda milima baada ya Mlimba na kukutana na TANZAM Makambako. Kwa uamuzi huo Iringa na Mafinga zilibaki bila reli, na Makambako ikapata garimoshi na barabara kwa pamoja. Barabara ya lami ya kwenda Njombe na Songea ilipojengwa katika miaka ya 1980 kuanzia hapohapo Makambako, kituo kile kikawa njia panda kubwa kuliko zote kati ya Iringa na Mbeya. Mafinga ulilazimika kutafuta sababu nyingine ya kuwafanya watu wasimame.

Msitu unaojenga mji

Sababu hiyo ilikuwa miti. Majaribio ya kupanda misindano Sao Hill yalianza mwishoni mwa miaka ya 1930. Baada ya uhuru upandaji uliongezwa kwa kasi, na katika miaka ya 1970 na 1980 Sao Hill ikawa shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini. Leo eneo lake ni zaidi ya hekta 130,000, ingawa si lote lililopandwa, na linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Msindano hukomaa kwa takribani miaka 18 hadi 25, hivyo miti ya wakati wa Azimio la Arusha ilikuwa tayari kwa msumeno mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Viwanda viliufuata msitu. Kiwanda cha mbao cha Sao Hill kilijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Norway. Mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilifunguliwa kikiwa na uwezo wa kuzalisha tani 60,000 kwa mwaka. Kilipita vipindi vya kusuasua na kusimama, kikabinafsishwa katika miaka ya 2000, na sasa kinaitwa Mufindi Paper Mills. Baada ya soko kufunguliwa, wapasuaji wadogo waliingia na mashine za kuhamahama ambazo wenyewe huziita "ding dong". Hizo hufungwa porini karibu na miti iliyoangushwa, zikipasua magogo na kuacha mabanzi na vumbi la mbao. Wananchi nao walianza kupanda misindano na mikaratusi, ambayo wenyeji wengi huiita milingoti, kwenye mashamba yao. Watumishi na wafanyabiashara wa Dar es Salaam, ambao pengine hawajawahi kulala Mufindi, wakanunua ekari za kupanda miti kama akiba ya uzeeni.

Nguzo za umeme zilizidisha biashara hiyo. Mpango wa kupeleka umeme vijijini ulipopanuka, milingoti iliyonyooka ikawa mali, na viwanda vya kutibu nguzo vikaongezeka. Baadaye vikaja viwanda vya kuchonga magogo kuwa shuka nyembamba za mbao kwa ajili ya plaiwudi, vingi vikiwa vya wawekezaji wa Kichina. Kwa hiyo gari linalosimama Mafinga mara nyingi linasimama kupakia, na abiria hupita hapo katikati ya mbao zilizopangwa kando ya barabara.

Kambi, shule na ofisi

Watanzania wengi walilijua jina la Mafinga kwa njia ya Jeshi la Kujenga Taifa. JKT lilianzishwa mwaka 1963, na kambi ya Mafinga, Kikosi cha 841, imepokea vijana wa mikoa yote. Mpango wa lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita ulisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Wahitimu wengi hukumbuka hasa baridi ya Juni na Julai, wakati wa mchakamchaka wa alfajiri.

Shule zilileta wakazi wa aina nyingine. Mbali na Seminari ya Mafinga na Chuo cha Maendeleo ya Jamii cha Rungemba, Mufindi ilijulikana kwa juhudi za kujenga sekondari zilizosukumwa na Joseph Mungai, mbunge wa Mufindi kwa miaka mingi na Waziri wa Elimu na Utamaduni kuanzia 2000 hadi 2005. Sekondari mojawapo ya Mafinga ina jina lake. Makao makuu ya Wilaya ya Mufindi nayo yalileta mahakama, hospitali na mabenki. Wakulima wa chai na mahindi wanaokuja ofisini hukutana sokoni na wachuuzi wa mchele kutoka Madibira, uliko upande wa Mbarali, ambao njia yake huishia hapohapo Mafinga. Mwaka 2015 mji ulipata halmashauri na jimbo lake la uchaguzi, Mafinga Mjini, na kutenganishwa kiutawala na vijiji vya Mufindi.

Ukingoni mwa Mbeya

Upande wa pili wa barabara historia ni tofauti. Uyole nao ulianza kama njia panda, mahali ambapo barabara ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi inaiacha TANZAM. Katika miaka ya 1970 kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kilikua kwa msaada wa nchi za Nordiki, na viazi, mahindi na maharage ya nyanda za juu vilifanyiwa majaribio hapo. Lakini Mbeya iko karibu, na mji ulipopanuka kuelekea mashariki kwa kufuata barabara, Uyole ukamezwa. Leo uko ndani ya Jiji, na asubuhi daladala na bajaji husomba watu kwenda Mwanjelwa, Kabwe na Soweto.

Mbalizi, upande wa magharibi, uko nje ya mpaka wa Jiji, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, ingawa mkazi wake anaweza kulala kwenye halmashauri moja na kufanya kazi kwenye nyingine. Soko lake lilikua kwa mazao ya Umalila na Usongwe, na uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012 jirani yake, umeongeza thamani ya viwanja. Wakazi wa Jiji waliongezeka kutoka 385,279 mwaka 2012 hadi zaidi ya 540,000 mwaka 2022, na wengi wao walijenga kando ya barabara hiyo. Ndiyo sababu ya upanuzi wa njia nne wa takribani kilometa 29 kutoka Nsalaga, karibu na Uyole, hadi Ifisi, jirani na uwanja wa ndege.

Ipogolo ni mfano wa aina hiyo upande wa Iringa. Ulikuwa kituo cha malori chini ya mlima, na sasa ni sehemu ya Manispaa. Umbali umeamua mengi: Uyole, Mbalizi na Ipogolo ni safari ya daladala, ilhali kutoka Mafinga hadi Iringa ni saa moja na nusu au zaidi. Hakuna fundi anayeweza kulala Mafinga na kufanya kazi Iringa kila siku kwa nauli anayoimudu. Kwa hiyo kazi zilibidi zipatikane Mafinga penyewe.

Gharama ya kuishi kando ya barabara

Barabara iliyoleta riziki ilileta pia hasara. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulionyesha kuwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yalikuwa asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.1. Makambako, ambako madereva hulala, ulitajwa mara nyingi katika kampeni za kinga. Ajali nazo ni sehemu ya kumbukumbu: Machi 2015, huko Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi na zaidi ya watu 40 walikufa.

Ratiba za mabasi pia zimebadilika. Tangu miaka ya 1990 mabasi yalizuiwa kusafiri usiku, hivyo basi lililotoka Dar es Salaam saa kumi na mbili asubuhi lilipita Mafinga alasiri, na wauza mahindi ya kuchoma, mapeasi na njegere waliijua saa hiyo. Zuio lilipoondolewa mwaka 2023 mabasi yakaanza kupita saa zote, mengine wakati soko limefungwa. Kwa miji iliyotegemea abiria wa mchana pekee hilo ni pigo. Mafinga umeathirika kidogo, kwa kuwa mteja wake mkubwa ni mnunuzi wa mbao anayesubiri lori lijae, na huyo hulala mjini.