Kupima Chakula kwa Mwenye Kisukari: Mchele Si Wali

Mwenye kisukari anayehesabu wanga huweza kukosea hapa: hupima wali, kisha hutumia hesabu ya mchele mbichi. Gramu 100 za mchele mweupe zina wanga wa karibu gramu 80. Gramu 100 za wali zina karibu 28 tu, kwa kuwa mchele hunywa maji ukapata uzito. Anayejidunga insulini kwa hesabu hiyo huzidisha dawa, na sukari kushuka ghafla ni hatari.

Njia ya uhakika: pima sufuria tupu, kisha mchele kabla ya kuuosha. Wali ukiiva, pima sufuria nao, utoe uzito wa sufuria. Kilo 1 ya mchele ikitoa wali wa kilo 2.5, zile gramu 800 za wanga zimeenea humo: kila gramu 100 za wali zina 32. Tui huongeza zaidi mafuta.

Kwenye sinia, matonge hayahesabiki. Mgonjwa apakuliwe kwanza sahani yake, ipimwe, kisha aketi ale pamoja na wenzake.