Miungu na Mitambo: Usawiri wa Dini katika Bunilizi za Kisayansi za Kiswahili

Imezoeleka kudaiwa kwamba bunilizi za kisayansi ni mgeni katika fasihi ya Afrika Mashariki, na kwamba mgeni huyo alikuja na hoja moja: sayansi ikiingia, Mungu hutoka. Dai hili halisimami likipimwa kwa mapokeo ya mahali kama Chepsaita, katika nyanda za Uasin Gishu karibu na Eldoret. Kwa Wakalenjin jina Asis hubeba jua na Mungu kwa pamoja, na wazee waliomba wakielekea mashariki jua lilipochomoza. Anga ya namna hiyo ina mwenyewe kabla ya roketi yoyote kuifikia.

Masimulizi ya Wanandi yanasema kwamba Orkoiyot Kimnyole, aliyeuawa mwaka 1890 na watu wake, alitabiri ujio wa nyoka wa chuma atemaye moto na moshi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, alipigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905. Mwanahistoria ana haki ya kuuliza utabiri huo ulitamkwa kwa maneno gani, na kama haukunolewa na wasimulizi baada ya reli kuonekana. Kwa mhakiki swali hilo ni la pili. La kwanza ni kwamba mtambo uliingia katika simulizi kupitia kinywa cha mtu mtakatifu, ukiwa mnyama wa kuogopwa.

Katama Mkangi anaufuata mkondo huo, pengine bila kukusudia, katika Walenisi (1995). Mwandishi huyu aliwekwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani. Haishangazi kwamba riwaya yake inaanza na hukumu. Dzombo anahukumiwa kifo na kutupwa angani ndani ya katwekwe, chombo kilichokusudiwa kuwa jeneza lake. Badala ya kufa anafika sayari ya Walenisi, yaani "wale ni sisi". Msomaji aliyelelewa na hadithi za pepo na ahera anaitambua safari hii mara moja: kifo, kupaa, kisha makazi ya haki. Tofauti ni kwamba peponi pa Mkangi hapana kiti cha enzi. Haki inaendeshwa na wakazi wenyewe, na utawala wa duniani uliojipa mamlaka ya kuua unabaki bila kisingizio cha mbinguni.

Katika hadithi ya Arthur C. Clarke, "The Star" (1955), padri mwanaanga anatikiswa imani na ushahidi wa nyota iliyolipuka. Kiswahili kimeuliza swali tofauti: nani amekalia kiti cha Mungu? K. W. Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), anamkalisha hapo P.P., kiumbe asiyekua, anayekitawala kijiji cha utandawazi bila kuonekana kwa urahisi. Ni mungu bandia, na dhihaka ya Wamitila kwake ni kali kuliko ukanaji Mungu wowote. Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi ni ngumu zaidi: mzee mkongwe mwenye ishara nyingi za uungu anatafutwa apelekewe habari za kifo cha mwanawe. Wapo watakaokataa kuiita riwaya hii ya kisayansi, nao wana sababu. Lakini wakiitoa Mzingile kwa kuwa haina mitambo, itawabidi waeleze kwa nini nyoka wa Kimnyole, aliye mtambo mtupu, wamemwacha kwenye rafu ya visasili.