Uzi: "Tusifukue makaburi." Kwa nini swali la 1965 haliishi?

1/ Kila msimu wa kampeni lazima mtu aulize, "Na fulani aliuawa na nani?" Mwingine anajibu haraka, "Wachana na mambo ya kitambo, tusifukue makaburi." Leo niwaeleze kwa nini hilo swali hurudi kila mara. Kama kawaida yetu, hatutaji wanasiasa wala vyama.

2/ Turudi Nairobi, Februari 24, 1965. Uhuru una miezi 14 tu. Mbunge mmoja, mwanahabari wa asili ya Goa lakini mzaliwa wa Nairobi, yuko ndani ya gari nje ya nyumba yake Westlands. Binti yake mdogo yuko kiti cha nyuma. Anapigwa risasi hapo hapo, waliompiga wanatoroka. Alikuwa na miaka 37.

3/ Mimi nikisoma habari hii huwa nakwama hapa: wakoloni walimweka kizuizini miaka kadhaa, hata kisiwani Manda, kwa kusaidia wapigania uhuru. Akatoka hai. Akaja kuuawa mlangoni pake, bendera yetu ikipepea.

4/ "Si kuna mtu alifungwa?" Ndiyo. Vijana wawili walishtakiwa. Mmoja aliachiliwa, mwingine akahukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alitoka 2001, baada ya miaka zaidi ya 35, akishikilia kwamba si yeye aliyeua.

5/ Jaji mwenyewe alisema kesi ilionekana haijakamilika, na huenda wahusika wote hawakuwa mbele yake. Hapo ndipo mijadala yetu huchanganya mambo. Kujua nani alikuwa pale ni kitu kimoja. Kujua nani aliwatuma ni kitu kingine, na hicho hakikuwahi kujibiwa mahakamani.

6/ Jamii ilibaki na nini? Mjane alihamia Kanada na mabinti zake watatu. Na kwa Wakenya wa asili ya Kiasia, kifo hicho kilikuwa funzo chungu: siasa inaweza kukufuata mpaka nyumbani. Sisemi ni hicho peke yake. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zilisukuma wengi kuondoka. Lakini tunapouliza "mbona Wahindi hawajitokezi siasani?", tukumbuke aliyejitokeza alipata nini.

7/ Na haikuishia kwao. 1969, mwanasiasa mwingine alipigwa risasi mchana katikati ya jiji. 1975, mwili wa mwingine ukapatikana Ngong. 1990, mwingine tena, karibu na Koru. Jamii tofauti, swali lile lile: nani alituma? Kila jamii ikabeba kidonda chake, na kila uchaguzi mtu hukitonesha akitafuta kura. Jibu lingemnyima hiyo nafasi.

8/ Mei 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake. Kuhusu mauaji ya 1965, ilisema kuna ushahidi wa kimazingira wa kutosha kuonyesha kwamba serikali ilihusika. Ni neno zito. Lakini tume si mahakama: hakuna aliyeshtakiwa kwa sababu ya ukurasa huo.

9/ Kwa hivyo ukisikia "yamepitwa na wakati", jua kwamba kisheria kosa la mauaji halina tarehe ya kuisha. Wahusika wanaweza kufa, ni kweli. Faili hazifi zenyewe, mtu huzifungia.

10/ Mgombea akija kwenu akililia marehemu, msimuulize anampenda kiasi gani. Muulizeni atafungua faili gani, na lini. Akianza kuzungukazunguka, mmeshapata jibu. Kuna mtoto alikuwa kiti cha nyuma. Yeye hawezi kuambiwa tusifukue makaburi.