Whakapapa: Nasaba au Silsila?

Neno whakapapa, ambalo Wamaori wa Nyuzilandi hulitamka kwa wh iliyo karibu na f yetu, aghalabu hufasiriwa kwa neno moja tu, yaani nasaba. Na mimi mwenyewe, nilipokutana nalo mara ya kwanza katika kazi ya tarjuma niliyokabidhiwa, niliandika nasaba pasi na kusita, nikapita. Haikupita siku nyingi nikalazimika kulirejea, kwa sababu jumla zilizofuata zilikuwa zikilikataa neno langu: mwandishi alikuwa akitaja whakapapa ya viazi vitamu, na ya ndege wa mwituni, na ya mto, ilhali kwa Kiswahili mto hauna nasaba.

Tulitazame kwanza umbile lake. Whaka- ni kiambishi cha kufanyiza, chenye kazi ile ile ya -isha na -za katika vitenzi vyetu, na papa ni kitu bapa kilicholala, au tabaka. Basi whakapapa, kwa asili yake, ni kulaza kitu juu ya kitu, tabaka juu ya tabaka, mfano wa mtu anayetandika mikeka kwa kungojea wageni wengi. Tena Kimaori ni lugha ya ukoo mmoja na Kimalagasi cha jirani zetu wa Bukini, kwa hivyo sisi watu wa pwani hatuko baidi nacho kama ramani inavyotudhanisha.

Na matabaka hayo si ya binadamu peke yao. Katika mapokeo ya Wamaori, Ranginui ndiye mbingu na Papatūānuku ndiye ardhi, na miongoni mwa wana wao wamo Tangaroa mwenye bahari na samaki, na Tāne mwenye misitu na ndege, ambaye binadamu pia hutokana naye. Kwa hesabu hiyo mti na ndege ni jamaa wa mtu, tena walimtangulia kuja, naye ni mdogo wao. Lugha yenyewe imelihifadhi jambo hili katika maneno ya kila siku: whenua ni ardhi, na ni kondo la nyuma la uzazi, ambalo kwa ada hurudishwa likazikwa ardhini, hapū ni mbari, na ni hali ya mwanamke aliye mja mzito, iwi ni kabila, na ni mfupa. Nasi tunao watu wa tumbo moja na watu wa mlango mmoja, na mzee wetu anapotaka kueleza kwamba mji fulani ni wake hasa, husema kitovu chake kimezikwa pale, wala hahitaji kuongeza kitu.

Mmaori anapojitambulisha mbele ya watu kwa ada yao, hutanguliza mlima wake, kisha mto wake, kisha chombo kilichowaleta wazee wake kwa bahari, kisha kabila, na jina lake mwenyewe hulichelewesha hadi mwisho. Wapo wazee waliokuwa na fimbo iliyochongwa meno meno, kila jino ni kizazi kimoja, na msomaji akipitisha kidole juu yake jino kwa jino huku akitaja majina, ilimu ikipita katika mkono na katika ulimi kwa wakati mmoja, mbele ya jamaa wanaosikiliza na wanaoweza kumrudi akikosea. Hapa ndipo nilipoanza kuziona sanadi za wapokezi wa hadithi, na silsila ambazo wafuasi wa Kadiria na Shadhilia huzihesabu kutoka kwa sheikh wao hadi kwa walio kabla yake: ilimu haiwi ilimu mpaka ijulikane imepita kwa nani.

Kwamba tofauti hii ya nasaba na whakapapa si ya maneno matupu, shahidi wake ni Mahakama ya Ardhi ya Wenyeji, iliyoasisiwa mwaka 1865. Mwenye kudai ardhi alisimama mbele ya jaji akasoma whakapapa yake, na karani akaandika majina. Lakini mahakama ilichokuwa ikitafuta katika kisomo kile ni nasaba tu, ipate kujua nani ataandikwa mwenye hati, na ardhi iliyokuwa ya mbari nzima ikagawiwa kwa watu mmoja mmoja, ikawa rahisi kuuzwa, na nyingi ikauzwa. Msomaji alikuwa akieleza jinsi watu na ardhi walivyolaliana. Karani aliandika orodha. Nami ninapokumbuka jinsi nilivyoandika nasaba bila ya kusita, naona kalamu yangu ilikuwa karibu mno na ya karani yule.

Vivyo hivyo watu wa Whanganui, ambao mto wao una urefu wa kilomita 290 hivi toka milimani hadi baharini, mwaka 1938 walifikisha mahakamani madai juu ya sakafu ya mto, kwa kuwa sheria ilizoea kuutenga mto mafungu, sakafu mbali na maji mbali. Haikuwa ila mwaka 2017 ambapo Bunge lilipitisha sheria inayoutambua mto ule kuwa ni mzima mmoja ulio hai usiogawanyika, wenye haki na wajibu kama mtu, na kuuwekea watu wawili wa kusema kwa niaba yake.

Basi nimechagua silsila, na nasaba nimeiachia pale panapotajwa majina ya watu watupu. Najua silsila ni mnyororo, na mnyororo hushikana pete kwa pete bila ya kulaliana. Upungufu huo naukiri. Lakini nimemwona bibi yangu akisuka ukili barazani: kabla mwaa mmoja haujaisha huchomeka mwingine juu yake, mpya ukaulalia wa zamani kwa kitambo cha vidole viwili, hata ukiupitisha ukili mkononi huwezi kuonyesha ulipokoma huu na ulipoanza ule. Kwa maana hiyo ndiyo nalitumia neno silsila. Na ile jumla iliyonisumbua, ya Mmaori asemaye juu ya mto wake, sasa imesimama hivi: mto huu umo katika silsila yangu. Sikuongeza kana kwamba.