Kamera Ilisimama Wapi?

Mwaka 1903 Mwingereza Frederick Evans, ambaye zamani alikuwa muuza vitabu mjini London, alipiga picha ya ngazi ya mawe katika kanisa kuu la Wells. Aliiita Bahari ya Vidato, kwa kuwa mawe yale yamelika kwa nyayo za watu wa karne nyingi, hata yanafanana na mawimbi.

Ukiipata picha hiyo, ewe msomaji, funika sehemu ya juu kwa kiganja, uache vidato peke yake. Je, Evans alikuwa juu akitazama chini, ama chini akitazama juu? Usijibu kwa haraka. Mwaka 1858 Mjerumani Schröder alichapisha mchoro wa ngazi wa mistari michache tu, na hata leo jicho huiona ngazi ile mara kwa juu, mara kwa chini yake, wala mstari haukusogea. Na asiyejua kamera ilisimama wapi aweza kuapa kwamba watu wa pichani walikuwa wakishuka, kumbe walikuwa wakipanda!

Lakini kidato cha jiwe kina nyuso mbili: ule wa kukanyagia, na ule wa mbele uliosimama. Aliye juu ya ngazi huona za kukanyagia tu. Zilizosimama zimempa kisogo. Evans atuonyesha zilizosimama, safu juu ya safu. Basi alikuwa chini.

Na kimo cha kamera je? Katika ngazi yoyote ipigwayo picha kutoka chini, nyuso za kukanyagia huzidi kuwa nyembamba kadiri jicho lipandavyo, na kidato kilicho sawa na kioo cha kamera huonekana kama uzi. Juu ya hapo, pa kukanyagia hapaonekani kabisa. Utafute uzi huo.