Mwangwi Katika Nyimbo: Kutoka Mlimani Hadi Studio

Wekeni penseli karibu, kwa maana leo tutafanya na hesabu kidogo.

Sisi wa Songea tunaishi karibu na milima ya Matogoro, kwa hiyo habari ya mwangwi si ngeni kwetu. Mtu akisimama mbele ya jabali kubwa akaita, sauti yake humrudia. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde moja. Basi jabali likiwa umbali wa mita 170, sauti itakwenda mita 170 na kurudi mita 170. Jumla ni mita 340. Mwangwi utasikika baada ya sekunde moja.

Je, mwangwi huo uliingiaje katika nyimbo tunazozisikia redioni?

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay, Bara Hindi, kuimba nyimbo za kutiwa katika sahani za santuri. Siku zile sauti ilichorwa katika nta wakati ule ule ilipoimbwa. Kama chumba kilikuwa na mwangwi, uliingia. Kama hakikuwa nao, fundi hakuweza kuuongeza baadaye.

Mambo yalibadilika ulipokuja mkanda wa kunasia sauti. Wajerumani walitengeneza mashine zake katika miaka ya 1930, na baada ya vita kwisha mwaka 1945 zikaenea nchi nyingine. Mashine hiyo ina kichwa kinachoandika sauti katika mkanda, na mbele yake kidogo kichwa kingine kinachoisoma. Tuseme mkanda unakwenda sentimita 38 kwa sekunde, na vichwa viko mbali kwa sentimita 5. Gawanya 5 kwa 38, utapata karibu sekunde 0.13. Sauti inachelewa kwa muda huo mdogo. Fundi akiichanganya na ile ya kwanza, amepata jabali lake ndani ya chumba!

Huko Marekani, mpiga gitaa Les Paul alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia njia hii. Mwaka 1954, katika mji wa Memphis, Sam Phillips alimrekodi kijana Elvis Presley kwa mashine mbili za mkanda. Sauti ya kijana ilirudi upesi sana, mfano wa kofi linalopigwa ukutani, hata ikajaa na kupata nguvu. Katika miaka ya 1970, huko Jamaika, fundi aliyeitwa King Tubby alikwenda mbali zaidi. Aliondoa uimbaji katika wimbo, akabakiza neno moja moja, nalo likarudi mara nyingi mpaka likafifia.

Na hapa kwetu? Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na baada ya Uhuru ikaja kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi za dansi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, zilirekodi katika studio ya redio hiyo. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Mmoja akikosea, wote walirudia mwanzo. Ukisikiliza nyimbo zile leo, utasikia maneno ya mwimbaji yako mbele, wazi. Watu walitaka kujua wimbo unasema nini.

Siku hizi kompyuta hufanya kazi yote ya mashine zile. Kijana wa hapa mjini anaweza kuweka mwangwi kwa kubonyeza mara moja. Lakini urahisi una hasara yake. Darasa moja nililolisimamia lilitunga wimbo juu ya kipindupindu, nasi tukaupeleka kurekodiwa. Mstari mmoja ulikataza watu kunywa maji ya mto, ukaishia na neno “msinywe”. Fundi aliutia mwangwi mwingi. Wimbo ulipopigwa kijijini, watu walisikia: “nywe… nywe… nywe…” Mzee mmoja akaniuliza, “Mwalimu, mbona mnatuhimiza tunywe?” Watu walicheka, lakini mimi sikucheka. Tulirudi kuurekodi upya.

Basi mafundi hodari hufanyaje? Kwanza, hulinganisha mwangwi na mapigo ya wimbo. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde, kwa hiyo mwangwi hurudi baada ya nusu sekunde au robo. Pili, hupunguza ukali wa mwangwi, ili ubaki nyuma ya mwimbaji. Mkanda wa zamani ulifanya hivyo wenyewe, kwa kuwa kila marudio yalififia. Tatu, huushusha mwimbaji anapoimba, na kuupandisha anapovuta pumzi.

Jambo hili la tatu wazee wetu walilijua kabla ya mashine yoyote. Katika ngoma, kiongozi huanzisha, na waitikiaji humngoja amalize ndipo waitikie. Mwitikiaji anayemkatiza kiongozi huharibu ngoma. Mwangwi nao ni mwitikiaji. Ungoje zamu yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Jabali liko umbali wa mita 85. Mwangwi utarudi baada ya muda gani?
2. Kwa nini fundi wa mwaka 1928 hakuweza kuongeza mwangwi baadaye?
3. Mkanda ukienda polepole zaidi, mwangwi utachelewa zaidi au kidogo? Elezeni sababu.
4. Tajeni maneno mengine ambayo, mwanzo wake ukipotea, maana yake hugeuka.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.