Jeli za dawa: Afueni kwa wagonjwa wanaolemewa na tembe

DAWA haiponyi ikiwa ingali mkononi. Sharti ipite kooni, ifike tumboni na kuingia katika damu ndipo ianze kazi. Hatua hiyo ya kwanza, ambayo mtu mzima mwenye afya huitekeleza bila hata kuiwazia, ni mlima kwa mtoto mdogo, kwa mkongwe ambaye misuli ya koo lake imelegea, na kwa mgonjwa aliyepatwa na kiharusi.

Yanayofuata yanajulikana katika nyumba nyingi. Tembe husagwa baina ya vijiko viwili zikatiwa kwenye uji, kapsuli hufunguliwa na unga wake kumwagwa katika chai, au mgonjwa huitema dawa kisirisiri mlezi anapompa kisogo. Daktari naye, akiona shinikizo la damu halishuki, huenda akaongeza kipimo akidhani dawa imeshindwa, kumbe haikumezwa.

Jeli za dawa zilibuniwa kwa ajili ya watu kama hawa. Si dawa mpya, bali ni chombo kipya cha kuifikisha dawa ya kawaida mahali inapohitajika. Faida zake ni nyingi, lakini zina masharti yake, na asiyeyajua anaweza kujidhuru.

MAANA YA JELI YA DAWA

Kwa Wakenya wengi, neno jeli huleta fikra ya mafuta ya kujipaka mwilini. Hayo hutokana na mafuta ya petroli na si ya kuliwa. Zipo pia jeli za hospitalini za kutia ganzi, ambazo nazo zisichanganywe na zile za kumeza.

Jeli inayozungumziwa hapa ni mgando laini wenye maji mengi, unaotikisika kijikoni bila kumwagika. Ziko aina mbili. Ya kwanza ina dawa yenyewe ndani yake, iliyopimwa kiwandani na kutiwa katika pakiti ndogo ya dozi moja. Ya pili haina dawa yoyote. Kazi yake ni kuifunika tembe ili iteleze kooni pamoja nayo.

Wazo la kuficha uchungu wa dawa ndani ya kitu kitamu si geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Maajuni, yaani dawa zilizosagwa na kuchanganywa na asali au sukari hadi zikawa nzito, zimetumika huko tangu jadi. Tofauti kubwa iko katika kipimo. Kijiko cha maajuni leo huenda kisiwe na nguvu sawa na cha kesho, ilhali kila pakiti ya jeli ya kiwandani hutakiwa kuwa na kiasi kilekile cha dawa.

SIRI YA KUMEZEKA KWAKE

Njia ya chakula na njia ya hewa hupakana kooni. Mtu anapomeza, misuli hushirikiana kuifunga njia ya hewa kwa muda mfupi mno ili tonge lielekee kwenye umio. Misuli hiyo ikichelewa, kilichomezwa huingia mapafuni na kinaweza kusababisha nimonia. Hatari hiyo huwakabili hasa waliougua kiharusi, wenye maradhi ya Parkinson, na wazee waliopatwa na ugonjwa wa kusahau.

Wengi hudhani kwamba maji ndiyo rahisi zaidi kumeza. Kwa mwenye koo dhaifu, ukweli ni kinyume. Maji hukimbia, yakafika kooni kabla njia ya hewa haijafungwa. Kumeza tembe kwa maji ni kazi maradufu, kwa kuwa mdomo hulazimika kuongoza vitu viwili vyenye mwendo tofauti: maji yanayotangulia na tembe inayobaki nyuma ikigandamana na ulimi.

Jeli huondoa tofauti hiyo. Husafiri kama tonge moja, polepole, ikalipa koo nafasi ya kujiandaa. Utelezi wake huizuia tembe kunasa njiani, na ladha yake hupunguza uchungu kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa haiugusi ulimi. Isitoshe, mgonjwa aliyeshauriwa na daktari kupunguza maji, kwa mfano kwa sababu ya maradhi ya figo, hahitaji bilauri nzima ili kuteremsha dawa yake.

Kunasa kwa tembe si jambo dogo. Doksisiklini, inayotumiwa kuua vijasumu, na alendroneti, inayotibu udhaifu wa mifupa, zinaweza kuunguza na kutia vidonda umio zikikwama humo. Ndiyo sababu anayemeza tembe ya alendroneti huagizwa kuimeza kwa bilauri ya maji matupu na kubaki ameketi wima au kusimama kwa angalau nusu saa.

KUTOKA MWANI HADI KIJIKONI

Msingi wa jeli ni maji, kigandishi, kitu cha kuleta utamu, kihifadhi cha kuzuia vijidudu, na dawa yenyewe. Kigandishi hutiwa katika maji ya moto, kisha mchanganyiko huachwa upoe na kuganda.

Vigandishi ni vya asili mbalimbali. Pektini hutolewa katika maganda ya machungwa na katika matofaa. Karaginani na agari hutokana na mwani. Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, kwani mwani unaopandwa Zanzibar na katika vijiji vya Kwale kama vile Kibuyuni ni malighafi ya karaginani. Wakulima wake, wengi wao wakiwa wanawake, huuanika na kuuuza mkavu.

Gelatini nayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe. Mgonjwa Mwislamu, na yeyote asiyekula nyama, ana haki ya kumuuliza mfamasia chimbuko la kigandishi kabla ya kununua. Tena gelatini huyeyuka katika joto la takriban nyuzi 30 hadi 35, joto ambalo ni la kawaida Lodwar au Garissa. Agari hustahimili joto kali zaidi.

Si kila dawa inayoweza kugeuzwa jeli. Zinazoharibika upesi zikikaa majini hazifai. Amoksilini ni mfano mzuri, na ndiyo sababu dawa hiyo ya watoto huuzwa ikiwa unga, ikatiwa maji siku ya kuanza kutumiwa.

JAPANI YAONGOZA

Nchi iliyoipa jeli nafasi kubwa ni Japani, ambako zaidi ya robo ya wananchi wametimu umri wa miaka 65 au kuupita. Mwaka wa 1998, kampuni ya Ryukakusan ilianza kuuza jeli isiyo na dawa kwa ajili ya kumezea tembe. Baadaye viwanda vya huko vilitengeneza jeli zenye dawa ndani yake, zikiwemo donepezili ya ugonjwa wa kusahau na alendroneti iliyotajwa hapo juu.

Uteuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Donepezili hutumiwa na watu ambao wengi wao husahau hata namna ya kumeza, nayo alendroneti ikiwa tembe huhatarisha umio.

Kenya na nchi nyingine za Afrika zimefuata njia iliyo jirani na hiyo, yaani tembe zinazoyeyuka katika maji kidogo. Jeli ni nzito kusafirisha na huhitaji vifungashio vya gharama, ilhali tembe kavu hudumu rafuni na haidai jokofu. Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kutaka dawa zinazowafaa watoto mnamo Desemba 2007. Tembe tamu ya malaria ya kuyeyushwa ilitolewa mwaka wa 2009.

Mnamo 2016, Kenya ikawa nchi ya kwanza kuanza kusambaza kote nchini dawa za kifua kikuu zenye kipimo cha mtoto na zinazoyeyuka majini. Kabla ya hapo walezi walikuwa wakizivunja au kuzisaga tembe za watu wazima na kukisia dozi. Mwaka wa 2021 ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea dolutegravir ya watoto wenye virusi vya HIV, yenye ladha ya stroberi. Watoto wengi walikuwa wakipewa dawa ya maji iliyokuwa chungu, yenye pombe na iliyohitaji kuwekwa mahali penye baridi.

TAHADHARI

Kwanza, jeli si ruhusa ya kusaga dawa. Baadhi ya tembe hutengenezwa ili ziachilie dawa polepole kwa saa nyingi, na mara nyingi jina lake huambatana na herufi kama SR, XR au MR. Tembe ya nifedipini ya aina hiyo ikisagwa, dawa ya siku nzima huingia katika damu kwa mkupuo na shinikizo linaweza kuporomoka ghafla. Nyingine, kama omeprazoli, hufunikwa ili asidi ya tumboni isiziharibu. Hizi zifunikwe kwa jeli zikiwa nzima, au mfamasia atafute badala yake.

Pili, si kila kitu laini kinafaa kumezea dawa. Maziwa na mtindi huzuia doksisiklini na siprofloksasini kuingia vyema katika damu. Maji ya balungi huongeza nguvu ya baadhi ya dawa, nifedipini ikiwa mojawapo. Jeli yenye ukali wa ndimu inaweza kuyeyusha utando wa klarithromisini ya watoto na kuufanya uchungu uzidi. Asali nayo asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Tatu, peremende za jeli si mbadala wa jeli za kumezea dawa. Mwaka wa 2003, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya konjaki katika peremende za jeli kwa sababu mgando wake ni mgumu, hauyeyuki mdomoni na unaweza kumkaba mtoto. Jeli inayofaa ni ile inayopondeka kwa urahisi kwa ulimi.

Nne, utamu haupunguzi makali ya dawa. Mtoto anayeambiwa kwamba dawa ni peremende atairudia akiipata pakiti wazi. Vitamini za kutafuna zenye madini ya chuma zinaweza kumtia sumu mtoto akila nyingi. Aidha, zipo jeli zenye sildenafili zinazouzwa kiholela kama kichocheo cha nguvu za kiume. Mtu anayetumia dawa za maumivu ya moyo za jamii ya nitreti akiitumia, shinikizo lake la damu linaweza kushuka kiasi cha kuhatarisha maisha.

LA KUFANYA NYUMBANI

Dalili za koo dhaifu ni kukohoa wakati wa kula au kunywa, sauti inayogeuka kuwa ya majimaji baada ya kumeza, chakula kubaki shavuni, na nimonia inayorejea mara kwa mara. Mwenye dalili hizi achunguzwe. Anayehisi kwamba chakula kigumu kinakwama kifuani, na hali ikizidi wiki baada ya wiki, asicheleweshe uchunguzi kwa kutafuta jeli, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa ishara ya saratani ya umio, maradhi yanayopatikana kwa wingi katika maeneo ya magharibi mwa Bonde la Ufa.

Wakati wa kumpa mgonjwa dawa, aketishwe wima, asilazwe chali. Apewe tembe moja moja, ikiwa imezama katika kijiko cha jeli, na mlezi ahakikishe mdomo ni mtupu kabla ya kijiko cha pili. Asiye na fahamu kamili asitiliwe chochote mdomoni.

La msingi zaidi ni kusema. Wagonjwa wengi huona haya kumweleza daktari kwamba tembe zinawashinda, ilhali dawa nyingi hupatikana pia zikiwa za maji, za kuyeyusha, za kubandika au za sindano. Daktari hawezi kubadilisha asichokijua, na dawa iliyotemwa chini ya mto haijamsaidia mgonjwa yeyote.